Mwaka Nilipomwonea Habiba Kijicho

Asma alinipigia simu Jumanne asubuhi kuniambia kwamba mamake, Bi Mwanaisha, amefariki Kipini, na kwamba wangemzika siku ile ile baada ya alasiri. Nilikuwa nimeketi kufuma hapa nyumbani kwangu Garsen, mguu mmoja juu ya kanyagio, na simu ilipokatika niliendelea kufuma upana wa vidole vinne hivi kabla mwili haujaelewa kilichosemwa. Wanaonijua kwa vitambaa vyangu hudhani nilizaliwa nikifuma. Sivyo. Nilianza nikiwa na miaka ishirini na miwili, mtu mzima mwenye jina lake mjini kwa kazi nyingine ya uzi, na marehemu ndiye aliyenifundisha. Mwaka huo nimeusimulia mara nyingi, kwenye vikundi vya akina mama na hata kanisani, lakini kila mara nimeusimulia nikimwacha mtu mmoja nje. Safari hii namrudisha ndani.

Ya ukoo wetu sitayagusa. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimepanga chumba kimoja nyuma ya maduka, chumba cha mabati chenye dirisha dogo, na humo ndimo nilimofuma kroshia tangu asubuhi mpaka jua lilipopoa. Vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunikia redio, kofia za watoto wachanga. Ukiingia sebule yoyote yenye makochi Garsen wakati ule, mgongo wako uliegemea kazi yangu. Mabibi harusi waliniletea uzi kutoka Idsowe na Minjila, wakaketi kitandani pangu kwa kukosa kiti, wakasema, "Salome, nifanyie kama ile ya shangazi, lakini yangu ipite." Nilipenda neno hilo, ipite. Nilipenda kujua kwamba hata cha shangazi kitakachopitwa kilikuwa changu. Sikuwa nimewahi kuona mkono wa mtu ukinitia wasiwasi, na kwa hiyo nilijidhania mtu mkarimu asiye na wivu.

Bi Mwanaisha alikuja na lori. Alikuwa mwenyeji wa Kipini aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha vikoi Mombasa, na sasa alikuwa amemfuata bintiye Asma, muuguzi aliyehamishiwa Garsen. Pamoja na masufuria na magodoro aliteremsha vitanda viwili vya mfumi, mitambo ya mbao ya kufumia nguo, vimefunguliwa vipande vipande. Majirani walividhania vitanda vya wageni, wakauliza mbona havina chaga. Alipoviunganisha vikajaza chumba chote cha mbele cha nyumba yake, mpaka ukitaka kupita kwenda uani unainama chini ya mbao. Hakukaa hata wiki mbili akasikia habari zangu. Akaniita, akachukua kitambaa changu cha meza, akakigeuza upande wa nyuma, upande ambao hakuna mteja aliyewahi kuutazama.

"Mkono unao," akasema. "Lakini huu ni uzi mmoja tu, mwanangu. Wataka kujua nyuzi mia tatu?"

Nilicheka, nikasema nataka. Nilidhani tofauti ni ya hesabu. Mfumaji wa kroshia huanza na kitanzi kimoja, akaenda nacho kokote roho inakompeleka; akikosea, huvuta ncha na yote yakafumuka, akaanza upya bila mtu kujua. Kwenye kitanda cha mfumi, nyuzi zote za urefu, zile zinazoitwa mtande, lazima zikazwe na zikubaliane kabla hujafuma hata upana wa ukucha. Nilipitisha siku tatu nzima nikivusha uzi mmoja mmoja kwenye vitanzi vyake, shingo inauma, sijafuma kitu. Ndipo ukaja mshindio, uzi unaopita kati kwa kati, ukibebwa na kijiti cha mbao kilichochongwa kama mtumbwi mdogo. Vidole vyangu vilivyozoea kubana kila kitanzi viliubana na huo, na kitambaa changu cha kwanza kilianza kipana, kikaingia ndani kidogo kidogo, kikawa na kiuno kama cha nyigu.

"Wavuta mno," Bi Mwanaisha aliniambia. "Uzi si punda."

Hata hivyo nilikuwa na furaha miezi ile ya mwanzo. Nilikwenda kwake kila siku baada ya kumaliza kazi za wateja, na saa saba tulikula pamoja uani, chini ya kamba ya nguo: wali wa nazi, mchuzi wa kambare wa mtoni alioutia ukwaju, ndizi za kuchemsha nilizobeba mimi. Kipande cha mgongoni alinitengea bila kuulizwa. Siku Asma alipochelewa kurudi kutoka hospitali, Bi Mwanaisha alinishika mkono akaukandakanda kwa mafuta ya nazi, akisema mikono ya mfumi hailazwi kavu. Nilikuwa mwanafunzi pekee. Nilidhani nitaendelea kuwa pekee, kwa kuwa nani mwingine Garsen angeutaka udhia ule?

Habiba ndiye aliyetuletea maziwa. Alikuwa msichana wa Kiorma, mdogo kwangu kwa miaka mitatu hivi, na alitembea kila asubuhi kutoka kijijini kwao huko mbugani, maziwa yakiwa ndani ya chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kimebanwa hata tone halipiti. Mamake alikisuka, na vingine alisuka yeye mwenyewe, pamoja na mikeka ya majani ya mkoma ambayo kwao ndiyo kuta na ndiyo paa. Haya niliyajua, kama unavyojua kwamba jirani ana kuku. Alimimina maziwa kwenye sufuria la Bi Mwanaisha, kisha badala ya kwenda alisimama mlangoni akitutazama, kimya, muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilimzoea kama mtu anavyouzoea mlango.

Mwezi wa tatu nilipata kosa nisiloliona. Kwenye kitambaa changu ulipita mstari uliopinda, kama mfereji, tangu mwanzo mpaka nilipofika, nami nilikuwa nimekitafuta chanzo chake siku mbili. Bi Mwanaisha alikataa kunionyesha. Alisema kosa ukionyeshwa ni la mwingine, ukilipata ni lako. Asubuhi ile Habiba aliweka chombo chake chini, akaingia, akainama nyuma ya kitanda, akagusa kwa kidole kidogo.

"Hapa," akasema. "Hii na hii imebadilishana."

Bi Mwanaisha akavaa miwani, akatazama, kisha akacheka kicheko kirefu ambacho mimi sikuwa nimewahi kukipata kwake. "Umeonaje, mwanangu?"

"Mimi naona tu. Mkeka pia iko hivi."

"Kaa," Bi Mwanaisha akamwambia. "Kaa hapo kwenye kitanda cha pili."

Sasa, nikiwa na umri wa kuweza kusema, nasema: kilichoniingia pale hakikuja polepole. Kiliingia mara moja, moto, nyuma ya shingo, na kikakaa mwaka mzima. Wiki ya kwanza Habiba alifuma kitambaa chenye kingo zilizonyooka pande zote mbili. Wiki ya nne aliuliza kama inawezekana kuweka rangi za mkeka wao, nyekundu ya udongo na nyeusi na ile rangi ya jani kavu, na Bi Mwanaisha akaagiza uzi kutoka Malindi kwa ajili yake. Wakati mimi nilipohesabu kwa sauti ya chini, moja juu, mbili chini, yeye alifuma akizungumza na Asma habari za ng'ombe aliyezaa. Nilianza kufika mapema ili niwe nimeshafuma akija. Nilihesabu mistari yake alipokwenda kunawa. Nilimsahihisha Kiswahili chake mbele za watu, naye akanishukuru, akarudia neno vizuri, jambo ambalo lilinikera zaidi. Maziwa yake yalikuwa na harufu ya moshi, kwa jinsi wanavyofukiza vyombo vyao, na mimi niliyekuwa nikiyapenda nikaanza kunywa chai ya rangi.

"Salome, tumbo lakuuma?" Bi Mwanaisha aliniuliza.

"Sipendi maziwa tu siku hizi."

Habiba alinitazama, akalitazama sufuria. Wakati mmoja nilishikwa na malaria nikalala siku tano, na siku ya tatu alibisha kwenye mlango wangu wa mabati akiwa na maziwa na ndizi. Aliketi kitandani walipozoea kuketi mabibi harusi, akachukua mafundo ya uzi wangu yaliyokuwa yametatizana kwenye kikapu, akayakunjua yote huku mimi nikisinzia. Kabla ya kwenda alikiinua kitambaa changu cha kroshia, akakiangalia dhidi ya mwanga wa dirisha. "Hii mimi siwezi," alisema. "Utanifundisha?" Nikamwambia siku nyingine. Nilikuwa nimekunywa maziwa yake na nilikuwa nimemchukia kwa kuwa mwema, na ilikuwa kweli kabisa kwamba kroshia hakuijua, nami sikutaka aijue.

Maneno yaliyoniharibu nilikuwa nimeyasikia kabla ya malaria hiyo. Nilikuwa uani nikinawa mikono, Bi Mwanaisha na bintiye wako jikoni, nyuma ya ukuta wa makuti.

"Mama, Salome ataiweza kazi hii?" Asma aliuliza.

"Salome ataiweza. Atajifunza, na atakula kwa kazi hii, inshallah."

"Na Habiba?"

Nikasikia mwiko ukigonga sufuria. "Habiba hajifunzi," Bi Mwanaisha akasema. "Habiba akumbuka."

Nilisimama pale na maji yakinidondoka viwikoni. Ningependelea anitukane.

Mwezi wa kumi habari zikafika kwamba msimamizi wa kile kiwanda cha Mombasa, mama mmoja aliyeitwa Bi Rukia, angepita Garsen akielekea Lamu, na kwamba alikuwa na nafasi moja ya mtu wa kukaa kiwandani mwaka mzima, apewe chumba na ajifunze kupaka rangi uzi na kubuni michoro. Angekuja Jumamosi. Bi Mwanaisha alitwambia sote wawili kwa pamoja na hakusema ni nani anayemtaka. Hakuhitaji kusema. Kwenye kitanda cha pili kilikuwa kinakua kitambaa cha Habiba ambacho hata madereva wa malori waliegemea dirishani kukitazama.

Jumatatu ya wiki ile Bi Mwanaisha alikuwa akifunga buibui aende Minjila kwa shughuli zake, akanigeukia mlangoni. "Bi Rukia amebadilisha. Sasa ni Alhamisi, si Jumamosi. Akija Habiba na maziwa, mwambie." Nikaitikia. Saa nne Habiba akaja. Nilimpokea maziwa mimi mwenyewe, nikayamimina kwenye sufuria, nikamrudishia chombo. Akaniambia kwamba mamake hajisikii vizuri, kwamba kesho atakwenda kwenye zizi la mbali alipo, alale huko siku tatu, arudi Ijumaa. "Mgeni ya Jumamosi nitamkuta," akasema.

Simu zilikuwa chache, na huko alikokwenda hakukuwa na hata moja. Nilijua hivyo. Nilimtazama usoni, nikasema, "Haya. Mpe mama pole." Akaenda. Nilimtazama mpaka alipopotea nyuma ya vichaka vya mathenge, na muda wote huo ningeweza kumwita.

Bi Mwanaisha aliporudi aliuliza kama nimemwambia. Nikasema nimemwambia, na kwamba amesema mamake mgonjwa, labda hatawahi. Uwongo wa pili ulitoka laini kuliko wa kwanza.

Alhamisi Bi Rukia alifika akiwa na haraka, gari likimngoja barabarani. Alikichukua kitambaa changu, akakikunja katikati, akalinganisha mwanzo na mwisho. Vidole viwili vya tofauti. "Si kibaya," akasema, na nilisikia mlango wa Mombasa ukifungwa. Bi Mwanaisha alikuwa jikoni akimalizia chai. Bi Rukia akageuka, akakiona kitambaa kilicho kwenye kitanda cha pili, akakisogelea, akakigeuza upande wa nyuma kama wanavyofanya wenye kujua.

"Na hiki? Hiki cha nani?"

"Changu," nikasema.

Nilipoinua macho Bi Mwanaisha alikuwa amesimama chini ya ile mbao ya kuinamia, sinia mkononi. Alikuwa amesikia. Nilingoja aseme. Akaiweka sinia mezani, akamimina chai, akasema tu, "Karibu, Bi Rukia." Wakanywa. Bi Rukia alikula mahamri mawili na kunieleza habari za chumba nitakachopewa, kina dirisha linaloangalia barabara, na wenzangu watatu nitakaokaa nao. Bi Mwanaisha hakuniondolea macho. Hayakuwa macho ya hasira. Alikuwa akiningoja. Kikombe cha kwanza kikaisha, na cha pili, nami nikaangalia majani ya chai yaliyobaki chini ya changu. Mgeni alipoinuka na kuanza kuvaa viatu mlangoni, Bi Mwanaisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kitambaa kile si chake. Mwenyewe hayuko."

Bi Rukia alisimama na kiatu kimoja. Alinitazama muda mfupi, kama mtu anayetazama doa. Bi Mwanaisha akamsihi apitie tena Garsen akirudi kutoka Lamu amwone Habiba. Mgeni akasema atarudi kwa njia nyingine, na kwamba nyumba ambamo watu wanaibiana kazi yeye hachukui mtu. Nafasi ile, tulisikia baadaye, ilikwenda kwa msichana wa Malindi.

"Kwa nini hukusema mapema?" nilimwuliza Bi Mwanaisha. Hata pale nilitaka kosa liwe lake.

"Nalikupa vikombe viwili," akasema. "Na Habiba, mimi simwambii. Ulimi uliosema uwongo uko kinywani mwako."

Ijumaa Habiba akaja, vumbi limemfika magotini, mamake amepata nafuu. Nilimwambia pale pale uani, nimesimama. Nilimwambia kuhusu Jumatatu na kuhusu Alhamisi. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa bado ameshika chombo cha maziwa.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kwa sababu unanipita."

Akafikiri. "Hiyo si sababu," akasema.

Hakulia wala hakunitukana. Aliingia ndani, akaketi, akafuma. Alifuma siku tatu bila kumsemesha mtu, akamaliza kitambaa chake, akakikata, akakikunja, akambusu Bi Mwanaisha mkono, akaondoka nacho. Siku iliyofuata maziwa yaliletwa na msichana mwingine. Mvua zilipoanza na maji ya mto yakapanda, watu wao walihamisha ng'ombe, na nikasikia amechukuliwa na mjomba wake aliyekuwa akifanya biashara ya mifugo mjini Madogo.

Nilingoja Bi Mwanaisha anifukuze. Baada ya wiki mbili sikuweza tena, nikamwuliza. Alikuwa akichambua mchele. "Nikikufukuza na wewe, nabaki na mbao," akasema. Kwa hiyo nikabaki. Hakunitengea tena kipande cha mgongoni, lakini hakuacha kunifundisha, na kiuno cha vitambaa vyangu kilinyooka mwaka ule ulipokwisha, kwa kurudia, kama alivyokuwa amesema kwamba nitajifunza na nitakula. Asma alipohamishwa tena, mamake akarudi Kipini na vitanda vyote viwili akaniachia mimi. Nimelea watoto kwa mbao hizo.

Nilifika Kipini siku ya tatu ya matanga, nimejitanda leso kichwani. Chumba cha wanawake kilikuwa kimejaa, na aliyesogea kunipa nafasi kwenye mkeka alikuwa mwanamke mnene, mwenye bangili za dhahabu na sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha mnadani. Nilimjua kwa vidole. Tulikaa muda mrefu tukisikiliza kisomo. Baadaye, kwenye kivuli cha ukuta, nilimwomba radhi, maneno niliyokuwa nimeyapanga miaka yote hiyo, na aliniachia niyamalize.

"Nilikuchukia," Habiba akasema. Kiswahili chake sasa kilikuwa cha mtu wa soko, chepesi. "Kama miaka saba hivi. Halafu nikawa na kazi nyingi."

"Uliendelea kufuma?"

"Kitanda ningekitoa wapi?"

Akaniambia ana mbuzi na malori, ana watoto wanne, nisimhurumie. Kisha akasema, kama jambo dogo, kwamba Bi Mwanaisha alimtafuta mpaka akapata nambari yake, na tangu hapo walizungumza kwa simu kila Ijumaa.

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa. Hata iliyopita."

Mimi alinipigia sikukuu kwa sikukuu. Na pale, nje ya nyumba ya msiba, nikiwa mwanamke wa miaka karibu hamsini niliyetoka kuomba radhi, ule moto ukanishika nyuma ya shingo kama siku ya kwanza. Nilitaka kunyamaza. Badala yake nikasema, "Habiba, nimekuonea kijicho tena. Sasa hivi."

Alinitazama. "Najua," akasema. "Uso wako hauna siri. Hata Jumatatu ile uliponipokea maziwa niliona kitu, nikadhani ni malaria tena." Kisha akacheka, na mimi nikacheka, mpaka mtu mzima mmoja akachungulia kutukanya.

Mwezi huu nilipakia kitanda cha pili kwenye lori lake mwenyewe, nikapanda mbele na dereva mpaka Madogo. Ana chumba kikubwa upande wa zizi, kilikuwa stoo ya dawa za mifugo, na hapo nikakiunganisha. Siku ya kwanza vidole vyake vilikataa, akatukana kwa Kiorma. Siku ya pili alinyamaza. Siku ya tatu nilitoka kuzungumza na mjukuu wake, na niliporudi nikakuta amefuma upana wa kiganja, rangi zile zile za mkeka, na niliona kwamba kabla ya mvua atakuwa amenipita tena, baada ya miaka yote hii ya kukaa na mbuzi. Nikatoka nje. Nilisimama kwenye mlango wa zizi, mbuzi wakininusa nguo, nikangoja kijicho kipungue. Kilichukua muda.

"Salome," akaita kutoka ndani. "Uzi mweusi unaisha."

Nikaingia kumzungushia mwingine.